Dada yangu aliambiwa avumilie

Wiki mbili zilizopita tulikuwa matangani Chumbageni, wanawake tumebanana mkekani, khitma inaendelea, mara dada yangu akanishika mkono. Sikuuliza kuna nini. Jasho lilishamtoka juu ya mdomo, linashuka shingoni, baibui limemganda mgongoni. Akavuta mfuniko wa hotipoti ya vitumbua akaanza kujipepea nao, makombo yanaturukia sote. Mama mmoja pembeni akamwonea huruma: “Bibi, hiyo presha hiyo, kapime.” Baada ya dakika tatu nne yakaisha, na dada akaomba kanga ajifunike kwa sababu sasa anasikia baridi.

Dada ana miaka 67. Hedhi yake ilikata akiwa na 50, na hili ndilo fukuto la kukoma hedhi. Piga hesabu mwenyewe.

Mwanzoni alitibiwa malaria. Kipimo kilisema hana, mseto akapewa hivyo hivyo, mara tatu ndani ya miezi michache. Ikaja zamu ya taifodi, kisha presha. Mwisho daktari mmoja, ambaye angalau alimuuliza umri wake, akamwambia, “Mama, hayo ni ya utu uzima, utavumilia tu.” Akavumilia. Kuvumilia tumefundwa sisi, hatuhitaji daktari atufundishe.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Dada alipovunja ungo alipewa somo. Akawekwa ndani, akaambiwa kila kitu: kujisitiri, kuoga, kukaa na mume, mengine hata hayaandikiki. Siku hedhi ilipoaga hakuja somo yeyote. Mimi ndiyo usiseme. Nimefundisha Baiolojia sekondari miaka 26, mzunguko wa hedhi naweza kuuchora ubaoni huku nimefumba macho, na mshale wa estrojeni, ile homoni ya kike, kushuka nimeuchora mamia ya mara. Nilipofika 52 na kuamka saa nane usiku shuka limelowa, nilidhani feni imeharibika.

Kinachotokea ni hiki. Ubongoni kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayofanya kazi kama ile swichi ya pasi inayojizima pasi ikipata moto. Estrojeni ikipungua, swichi inakuwa na wasiwasi kupita kiasi. Joto la mwili likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, inadhani unaungua: inafungua mishipa ya damu ya ngozi, inakumwagia jasho, na joto likishatoka unabaki unatetemeka. Fukuto hilo si la kujitakia wala si hasira za wake wenye umri. Halipiti haraka kama tunavyoambiwa, pia. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulikuta kwamba kwa kawaida linadumu miaka 7.4, na kwa wanawake weusi wa kule miaka 10.1. Wale si sisi wa Tanga, najua. Lakini nikimtazama dada nasema labda hatuko mbali.

Mimi nilibahatika kuwa na binti mkali. “Mama, ukiumwa jino unakwenda. Hili nalo nenda.” Tukapanda basi hadi Dar kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Sikutoka na dawa dakika ile ile, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alinipima presha, akanishika matiti, akauliza kama niliwahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda miguuni, ugonjwa wa ini, au kutokwa damu kusikoeleweka. Akauliza pia kama kizazi bado ninacho. Swali hilo la mwisho lina uzito: mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake, ukuta wa kizazi unaweza kujijenga hadi ukaleta saratani, kwa hiyo lazima apewe na homoni nyingine, projesteroni, ya kuulinda. Ukiona mtu anakuuzia “kidonge cha homoni” bila kukuuliza habari ya kizazi chako, rudisha pochi kwapani uondoke.

Nikapewa jeli ya estrojeni ya kupaka mkononi kila asubuhi, na kidonge cha projesteroni cha usiku, ambacho kinaleta usingizi wa raha mustarehe. Plasta za kubandika nilijaribu, kwa joto letu hili zilikuwa zinabanduka na kuhamia kwenye shuka. Zote mbili, jeli na plasta, zinapita kwenye ngozi, na hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge vya estrojeni vya kumeza. Kuipata jeli ni safari nyingine. Niliingia maduka manne ya dawa. Mawili walinipa vidonge vya uzazi wa mpango huku wakinitazama kwa mshangao. Bei yake kwa mwezi inazidi bili yangu ya umeme. Ila baada ya wiki chache nilianza kulala, na mtu aliyelala ni mtu mwingine. Muulizeni mume wangu.

Sasa ile hofu. Kila nikitaja homoni naambiwa “saratani”. Hofu hii haikutoka hewani. Julai 2002 Marekani walisimamisha sehemu moja ya utafiti mkubwa, Women's Health Initiative, wenye wanawake 16,608, baadhi wakimeza estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa), wengine kidonge kisicho na dawa. Waliomeza dawa walipata saratani ya matiti 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wenzao 30. Kiharusi na damu kuganda pia viliongezeka. Magazeti yakapiga mbiu na madaktari wengi wakaacha kuandika dawa hizo. Wanane zaidi katika 10,000 si sifuri, na kama mmoja wao ni mama yako hesabu haina maana. Kilichopita kimyakimya ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi hedhi ilishawaaga zamani. Tuliogopeshwa wa miaka 50 kwa matokeo ya wa miaka 63.

Msimamo wa wataalamu siku hizi ni kwamba mwanamke anayesumbuliwa na fukuto, mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, kwa kawaida faida ya homoni inazidi hatari yake. Baada ya hapo, kuanza upya kunakuwa na mashaka zaidi kwa moyo na ubongo. Aliyekwisha kuanza mapema ni habari nyingine. Mimi nina 58, nikifika 60 sitanyang'anywa jeli yangu kwa sababu ya keki ya siku ya kuzaliwa. Tutakaa na daktari kila mwaka tuangalie presha, matiti, na kama bado naihitaji.

Unaona ninakoelekea. Mwaka jana nilimpeleka dada kwa daktari yule yule. Akamsikiliza vizuri, akamuuliza hedhi ilikoma lini, halafu akanyamaza kidogo. “Mama, ungekuja miaka 12 iliyopita tungeongea mengine.” Dada ana presha pia. Homoni za kumwanzishia sasa hakuziafiki. Lile neno “vumilia” lilimpitisha kwenye mlango, ukafungwa nyuma yake, na aliyemwambia wala hakujua kama kulikuwa na mlango.

Hakurudi mikono mitupu. Alipewa gabapentini ya usiku, dawa ambayo wengi tunaijua kwa ganzi ya miguu ya wenye kisukari. Inapunguza fukuto, ingawa asubuhi za mwanzo aliamka kichwa kizito akishika ukuta. Fukuto la mchana bado linamjia, kama mlivyoona na hotipoti. Jambo lililombadilishia maisha ni lile aliloona aibu kulitaja: ukavu, na UTI isiyokwisha, antibayotiki kila baada ya miezi miwili. Kuna krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo sana, haiendi mwilini kama jeli yangu, na hata mwenye miaka 67 anaweza kuanzishiwa. Tangu ameanza, UTI imempata mara moja tu. Mwezi mtukufu alifunga wote, akaniambia zamani deni lilikuwa la hedhi, siku hizi lilikuwa la UTI, na sasa hadaiwi.

Shemeji yangu anasema haya ni kuingilia kazi ya Mungu. Anasema hivyo akiwa amevaa miwani.

Sitaki kila mwanamke apake jeli. Wapo ambao hedhi inakata hawasikii lolote, na wapo ambao homoni ni marufuku kwao. Sitaki pia kila jasho la usiku liitwe utu uzima: ukikohoa zaidi ya wiki mbili na nguo zinakupwaya, kapime kifua kikuu kwanza. Na damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima wa ukimya, usingoje mwisho wa mwezi. Ninachotaka ni kidogo. Vituo vyetu vinamuuliza msichana wa miaka 20 kuhusu homoni za kuzuia mimba bila kupepesa macho. Mwanamke wa 47 akija na kadi ya presha, aulizwe na yeye: unalala?

Wale wa mitandaoni wanaouza unga wa “kusawazisha homoni” kwenye vikopo visivyo na maandishi, nitawaandikia siku yao.

Siku ile Chumbageni, tunatafuta viatu mlangoni, yule mama wa presha alinifuata. Akasogea, sauti ya chini kabisa, akaniambia ana miaka 49 na tangu Ramadhani analala sakafuni, kwenye saruji, kwa sababu godoro linamchoma. Nikamwambia aje nyumbani Jumamosi asubuhi, aje na kadi zake zote.