Nyundo na Msumari Havifai Kuunga Cheni ya Baiskeli

Kuunga cheni iliyokatika ni kazi ambayo kila mwenye baiskeli anaweza kuifanya nyumbani, ila kwa maoni yangu ni lazima atumie kifaa cha kusukumia pini, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoshikanisha pingili za cheni. Nyundo na msumari huitoa pini, hilo sibishi, lakini mara nyingi huipinda au hutanua mabapa ya pembeni, na cheni ikiungwa hivyo hukatika tena palepale.

Kifaa hicho kina skrubu inayosukuma pini polepole, na ustadi wote uko katika kujua pa kusimama: pini isitoke yote, bali ncha yake ibaki imeshika bapa la nje la upande wa pili, kwani ikishadondoka, kuirudisha ni usumbufu mtupu. Ikumbukwe pia kwamba pingili ya nje, ile yenye mabapa yaliyo upande wa nje, huungana na ya ndani tu. Kwa hiyo, pingili ya nje ikivunjika, itabidi uondoe na ya ndani iliyo jirani yake, na cheni itapungua milimita 25.4. Katika baiskeli isiyo na gia utasogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo. Katika yenye gia, epuka kuweka cheni kwenye sproketi (gurudumu la meno) kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Kiungo kikiwa kigumu baada ya kuungwa, shika cheni pande zote mbili uipinde kushoto na kulia hadi kilegee.

Kurudisha pini ya zamani nakukubali kwa cheni pana za baiskeli zisizo na gia pekee. Cheni nyembamba za gia nyingi zina pini zilizopanuliwa nchani kiwandani, na ukiisukuma pini hiyo nje ule upana hukwanguka, hivyo hata ikirudi haishiki kama awali. Hizo zinahitaji pini mpya au kiungo cha kufungia kinacholingana na idadi ya gia.

Hata hivyo, pima kwanza. Kutoka katikati ya pini ya 1 hadi ya 25, cheni mpya ina milimita 304.8. Ikifika 308 sioni faida ya kuiunga, maana imekwisha kulika na inaendelea kuchonga meno ya sproketi, ambayo yakichongoka yatairusha hata cheni mpya.