Usinunue baiskeli kwa sababu tu ina diski

Zikisimama baiskeli mbili za bei ileile, moja ya breki za diski, zinazobana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, na nyingine ya breki za V zinazobana rimu, mnunuzi wa mara ya kwanza huchukua ya diski. Inaonekana ya kisasa, na muuzaji naye ataisifia kwa hilo. Kwenye baiskeli za bei ya chini kabisa, naona uamuzi huo mara nyingi si sahihi.

Sisemi diski ni breki mbaya. Diski nzuri inashika kwenye mvua na tope, na haijali rimu iliyopinda. Lakini baiskeli ya diski inahitaji habu (vitovu vya magurudumu) za kufungia diski, uma na fremu zenye vishikio vya kalipa, yaani kile kifaa kinachobana breki, pamoja na kalipa na diski zenyewe. Kiwanda kikiweka vyote hivyo bila kupandisha bei, lazima kimebana mahali pengine: kwenye gia, kwenye habu, na mara nyingi kwenye kalipa hiyohiyo iliyokuvutia.

Itazame kalipa ya waya ya bei rahisi. Ina pedi mbili, ila kwenye nyingi inayosogea ni moja tu, ile ya nje. Ukivuta mkono wa breki, pedi ya nje inaisukuma diski, diski inapinda kidogo mpaka inaegemea pedi ya ndani iliyotulia. Kwa hiyo pedi ya ndani isipokaa karibu kabisa na diski, nguvu ya vidole vyako inaishia kupinda chuma badala ya kusimamisha gurudumu. Marekebisho yake si magumu. Upande wa spoki kuna skrubu, kwa kawaida ya aleni (yenye tundu la pembe sita) ya milimita 5. Izungushe taratibu mpaka usikie pedi inakwaruza diski, kisha irudishe kidogo tu, mpaka mkwaruzo ukome. Ndipo uguse waya.

Wengi hufanya kinyume. Pedi zikilika, wanakaza waya, na zikilika tena wanakaza tena. Kila unapokaza, mkono mdogo wa kalipa unaanzia mbele zaidi kwenye mzunguko wake, hadi siku unapofika mwisho wa safari yake kabla pedi hazijabana sawasawa. Mwendeshaji anahisi breki ngumu mkononi, lakini baiskeli haisimami. Breki ikishakuwa hivyo, si ya kushukia mlima.

Sasa njoo kwenye V. Ni mikono miwili mirefu, springi mbili, waya mmoja na raba mbili. Kila kitu unakiona kwa macho, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Ikiwa rimu ni ya alumini na raba ni nzuri, breki hii ina nguvu ya kutosha kabisa kwa mtu wa kwenda kazini, shuleni au sokoni. Nimeandika rimu ya alumini kwa makusudi. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba huteleza juu yake na umbali wa kusimama huongezeka mno. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinasa kwenye rimu, hiyo ni chuma, na kama unaendesha wakati wa mvua, achana na baiskeli hiyo hata ikiwa na rangi nzuri namna gani.

Ubaya wa V ni kwamba inasaga rimu. Tope na mchanga vikikaa kati ya raba na rimu, kila kubana ni kupiga msasa. Rimu nyingi zina mfereji mwembamba au vitundu vidogo vya kuonyesha ulikaji. Vikifutika, au ukipitisha kidole ukute ubavu wa rimu umebonyea kwa ndani, badilisha rimu, kwa sababu ikizidi kuwa nyembamba inaweza kupasuka kwa presha ya tairi. Raba nazo zina mifereji yake. Ikiisha, raba imeisha.

Raba iguse rimu peke yake. Ikipanda juu ikagusa tairi, itaikata ubavuni mpaka tyubu ipasuke. Ikiwa chini mno, siku moja itachomoka ukingoni na kuingia kwenye spoki. Acha nafasi ya kama milimita 1 hadi 2 kila upande. Kama breki inapiga kelele, ifunge raba upya ili ncha yake ya mbele itangulie kugusa rimu, na ya nyuma ibaki wazi kwa kama milimita 1. Upande mmoja ukigusa na mwingine haugusi, tafuta skrubu ndogo chini ya kila mkono. Ukiikaza, springi ya upande huo inapata nguvu na kuvuta raba mbali na rimu.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi hulifanya wakati wa kubadilisha mkono wa breki wa kwenye usukani uliovunjika. Breki za V huvuta waya mrefu, karibu mara mbili ya kalipa ndogo za rimu zinazowekwa kwenye baiskeli za mbio. Mkono wa V ukiwekwa kwenye kalipa hizo, unakuwa mgumu na breki inakosa nguvu. Mkono wa kalipa ukiwekwa kwenye V, unaweza kugonga usukani kabla raba hazijabana. Kalipa za diski za waya pia zipo za aina zote mbili, kwa hiyo uliza kabla ya kununua mkono mpya.

Breki za vyuma virefu za baiskeli za kizamani, na ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, zinadumu sana, lakini nisingemchagulia mtu wa sehemu yenye milima.

Kama unaweza kuongeza pesa kidogo, basi ongeza mpaka ufikie diski ya haidroliki, inayosukumwa na mafuta badala ya waya, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Hapo ndipo diski inastahili sifa zake. Pedi zote mbili zinasogea, zinajirekebisha zenyewe kadiri zinavyolika, na vidole viwili vinatosha kusimamisha baiskeli. Ila jua mafuta yake. Kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, watengenezaji wengine hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, na ukiweka moja mahali pa jingine mipira ya ndani itaharibika. Gurudumu likiwa limetolewa, usibane mkono wa breki, kwa sababu pistoni zitakutana katikati na diski haitaingia tena mpaka uzisukume nyuma. Ingiza kipande cha kadibodi kati ya pedi wakati wa kusafirisha.

Soma pia maandishi kwenye diski. Nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwamba zinakubali pedi za resini tu. Pedi za chuma zitazimaliza haraka. Diski nyingi huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na kwa diski za Shimano kikomo ni milimita 1.5.

Kabla ya kulipa, bana breki ya mbele kwa nguvu zako zote huku ukisukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Mkono wa breki ukifika kwenye usukani, mwambie fundi arekebishe palepale uone kama inawezekana. Inua kila gurudumu, lizungushe, utazame kama linayumba kati ya raba au kukwaruza pedi.

Diski mpya haishiki vizuri siku ya kwanza, na hilo si kasoro. Kimbiza baiskeli hadi kama kilomita 20 kwa saa mahali pasipo na magari, bana breki moja taratibu hadi mwendo wa mtu anayetembea bila kusimama kabisa, achia, kisha rudia kama mara 20 kwa kila breki. Usipulizie mafuta ya mnyororo karibu na diski. Pedi ikishanyonya mafuta hushika ovyo na kupiga kelele, na mara nyingi dawa yake ni kununua nyingine.