Saa Mbili Ipi?

Simu imelia leo alfajiri, mie bado nina maji ya udhu masikioni. Nikajua msiba. Saa hizo mtu hakupigii kukupa habari ya harusi. Nikapokea kwa sauti ya kufiwa.

"Kijana," ndiyo salamu yake, "wanafunzi wangu wote wamepata sifuri."

"Wote, Dakta?"

"Wote. Isipokuwa mmoja. Huyo kapata tisini, na huyo ndiye nataka tumshike."

Nikafungua kompyuta. Kumbe jaribio lake la mtandaoni lilifunguka saa nane ya usiku, likafungwa saa tisa. Saa ya wanga. Wanafunzi wamelala, paka wamelala, hata mbu wameshashiba. Nikaangalia alichokiandika: kuanza 2:00, kumaliza 3:00. Yaani saa mbili mpaka saa tatu, ile ile tuijuayo sote, jua limeshatoka na maandazi yameshakwisha dukani. Mashine imeona 2:00 ikaifahamu kwa saa za Kizungu, ikagawa mtihani gizani.

Huyo wa 90 nimempigia mwenyewe. Analinda hoteli Nungwi, zamu ya usiku. "Nimeona umefunguka, nikafanya." Basi. Dakta anasema haiwezekani, yule hajapata hata hamsini darasani. Nami nikamwambia, Dakta, darasani anakuja na usingizi wa kulinda, na saa nane ya usiku ndiyo saa pekee intaneti ya kisiwa hiki inakuwa ya mtu mmoja. Ukinipa mimi intaneti ile nitapata 90 hata kwenye udaktari wa meno.

Kisha nikamwelewesha taratibu, na adabu zangu zote, kwamba mtambo hauzijui saa zetu, pale anapokusudia mbili ya asubuhi aandike nane. Kimya. Halafu: "Mie nimesomesha Kiswahili miaka ishirini na nne. Leo nimfuate Mzungu kwenye saa?"

Sikujibu. Nina cheo cha kukihifadhi. Barua yangu ya ajira inasema mie ni Afisa wa Usaidizi wa Ufundishaji kwa Teknolojia na Kozi za Mtandao, maneno mengi hata kitambulisho hakikutosha, kimeishia "Ufundishaji kwa Te". Nyumbani kwa wakwe najulikana kama fundi simu. Ofisi ninayo. Ilikuwa stoo ya chaki, na makasha ya chaki bado yamo. Nina meza, nina kiti kinachozunguka upande mmoja tu, na nina ekstensheni ya matundu manne, linalofanya kazi moja tu, ambayo leo nimefika nimekuta haipo. Hiyo nitairudia.

Kazi yenyewe si ngumu, wagumu ni wenye kazi. Mmoja kaniletea daftari la noti zake, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai ya rangi, akaniwekea mezani: "Pandisha mtandaoni." Akaondoka. Mwengine slaidi zake zina maandishi madogo mno, projekta ikiwaka darasa zima linasogea mbele kama foleni ya petroli. Bibi mmoja wa sayansi, Mungu ampe umri, ndiye pekee anayefanya kila kitu sawasawa, lakini huniita kila Jumatatu nije nimtazame akifanya, asije akakosea.

Nywila ndiyo usiniguse. Sisi tuliambiwa tutumie Kiswahili fasaha, tusiseme pasiwedi. Nikampigia Dakta mwengine, si huyu wa saa: "Dakta, nywila yako imekwisha muda wake." Akanyamaza. Alipokuja ofisini akavua kofia, akapapasa utosi: "Hata wewe umeliona?" Tangu siku hiyo nasema pasiwedi, na atakayenishitaki anishitaki.

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa mtu. Nakwambia nilikuwa mtu! Waliokuwa hawaniitikii salamu wakawa wananipigia kuuliza watoto hawajambo. Tarehe 1 Juni vyuo vikafunguliwa, na tarehe 2 Juni nikarudi kuwa fundi simu.

Mfumo wa kozi za mtandaoni tunaotumia ni Moodle. Aliyeutengeneza ni Muaustralia, Martin Dougiamas. Alikulia jangwani Australia Magharibi, skuli yake ikawa redio: mwalimu yuko mbali huko anasema, mtoto anasikiliza na mchanga puani. Mwaka 2002 akatoa toleo lake rasmi la kwanza. Mie humfikiria sana mtu huyu nikiwa na hasira. Kapigwa na jua, kapigwa na vumbi, lakini sidhani kama redio yake iliwahi kumtaka asimame mwalimu anapoingia.

Ndiyo, asimame. Maana profesa wetu wa uhasibu, mtu mzima, sote tunamwita Maalim, siku ya somo lake la kwanza la moja kwa moja alitaka wanafunzi wasimame.

Somo lilikuwa saa mbili ya usiku (20:00, niliandika mwenyewe, nikahakiki mara tatu). Nikaenda kwake Mombasa, ile yetu ya hapa Unguja, na kompyuta yangu kwapani. Nikamkuta juu kavaa koti na tai, chini kikoi. Programu ya darasa inaitwa BigBlueButton, yaani kitufe kikubwa cha buluu. Imeanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007. Nilifanya kosa la kumfasiria jina. Maalim akakitafuta hicho kitufe kikubwa cha buluu robo saa nzima. Vipo vidogo vidogo, lakini yeye anataka kile kikubwa.

Wanafunzi wakaingia, 110. Maalim akalitazama lile orodha la majina.

"Mbona wamekaa?"

"Hawaonekani, Maalim. Wamezima kamera."

"Nani kawaruhusu?"

"Bando, Maalim."

"Waambie wasimame."

Nikaandika kwenye gumzo: Tafadhali simameni. Nifanyeje? Yakaja majibu: "Tumesimama Prof." "Nimesimama." Mmoja aliandika yumo kwenye daladala, naye kasimama. Kwa paa la gari zile, huyo kapinda.

Akaita mahudhurio, jina baada ya jina, na kila jina anangoja.

"Mbona hawaitiki?"

"Umewafunga maiki, Maalim."

"Mie?" Akajishika kifua. "Mie sijapata kumfunga mtu mdomo tangu nizaliwe. Wafungulie."

"Maalim, wako mia na kumi."

"Wafungulie wote!"

Nikawafungulia. Subhanallah. Ilikuwa kama kufungua mlango wa Soko la Darajani siku ya mkesha wa Idi. Huku mtoto analia, kule kitunguu kinakaangwa, kuna rusha roho ya harusi ya jirani, na kuna jogoo anawika saa mbili ya usiku, huyo naye labda anafuata saa za Kizungu. Maalim akapandisha sauti juu ya vyote hivyo. Mada ya siku hiyo ilikuwa madeni chechefu, yale yasiyotarajiwa kulipwa. "Deni!" anasema. "Deni likikaa sana! Mdaiwa asipolipa!"

Hapo ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, karibu kabisa na simu.

"Nani huyo mwanamme?"

Wote kimya. Hata jogoo.

"Mwalimu, mama," sauti ya msichana, ndogo.

"Mwalimu gani usiku huu? Namsikia anakwambia deni, deni. Una deni la mwanamme wewe?"

"Mama, ni somo…"

"Lete hiyo simu. Wewe! Mwana wa nani wewe?"

Maalim akaweka tai sawa. "Assalaam alaykum, mama. Mimi ni Profesa…"

"Sikukuuliza kazi. Nimekuuliza mwana wa nani."

Mtu mwenye shahada tatu, aliyekaa kwenye kamati mpaka viti vimemjua, nikamwona anarudi mtoto mbele ya macho yangu. Mikono kaiweka mapajani. "Kwetu Konde, mama."

"Konde ipi? Konde kubwa ile."

"Pale penye mwembe, nyuma ya msikiti."

"Hebu ngoja." Tukangoja, wote 110 na mie. "Baba yako si yule wa baiskeli ya kengele mbili?"

Uso wa Maalim ukalainika. "Ndiye, mama. Ndiye huyo."

"Mungu amrehemu. Pishi yetu iko wapi?"

"Pishi gani, mama?"

"Pishi ya kupimia karafuu! Alikuja kuiazima msimu ule mkubwa, akasema siku mbili anairudisha. Sisi tumepimia kopo la maziwa mpaka leo."

Gumzo likawaka moto. "Prof, pishi inaingia debiti au krediti?" Mwengine: "Hilo limeshakuwa chechefu au bado?" Mwengine kauliza, na nadhani huyu aliuliza kwa dhati, kama uchakavu wa pishi unahesabiwa kila mwaka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kumfunga mama maiki. Lakini nambie wewe, Unguja na Pemba nzima, nani mwenye kifua cha kumfunga mdomo mama wa watu anayedai pishi yake?

Basi wakaendelea. Wakaulizana nani kamwoa nani, nani kahamia Tanga, yule dada yako wa kilema cha mguu yuko hai, na mwisho ikatoka kwamba wanachangia bibi kwa upande wa mama. Msichana akawa mpwa wa profesa mbele ya darasa zima. Mama akasema, "Basi mtoto wako huyo, mfaulishe." Maalim akasema atasoma mwenyewe, dada yangu. Alishakuwa "dada yangu", si "mama" tena. Dakika 20 zilipita, na zote zimerekodiwa.

Asubuhi yake nikaangalia mfumo. Watu ambao hawajawahi kufungua hata ratiba walikuwa wameitazama rekodi ile, wengine mara tatu. Wakaja mpaka wa idara nyengine kuomba linki. Maalim akaniita faragha: nikate pale. Nikakata. Zikabaki dakika 11, na 9 kati ya hizo ni mahudhurio.

Ungedhani yamekwisha. Wiki ya pili natumwa Pemba kufunga projekta, Maalim akanifuata na mfuko wa plastiki. Ndani pishi mpya, inang'aa. "Upeleke, kijana, ni amana." Nikapanda nayo meli, nimeipakata kama mtoto, bahari yenyewe siku hiyo kuichezea huwezi, mpaka Mkoani, kisha gari mpaka Konde. Mama nikamkuta, kanikaribisha, kanipa uji na mkate wa kumimina, kaishika ile pishi kaigeuza chini juu.

"Hii si yenyewe," akasema, akanirudishia.

Nimerudi nayo. Ipo ofisini, natilia flashi za watu zilizosahauliwa. Cheo changu nimekisoma mwanzo mpaka mwisho, hakuna palipoandikwa pishi.

Na ukitaka kujua heshima niliyo nayo, kumbuka Mei 2024, zile nyaya za intaneti zilipokatika chini ya bahari, nchi kadhaa za upande huu zikazimika. Simu sita zilinipigia kabla ya adhuhuri kuniuliza kwa nini nimezima. Nikamweleza mmoja, mtu mzima mwenye miwani: waya umekatika chini ya bahari, mbali, kwenye pwani ya Afrika Kusini huko. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sasa wewe unakwenda lini?"

Halafu vijana wanalalamika umeme ukipotea saa moja. Sisi tulikaa gizani Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa kutoka bara ulipoharibika. Miezi mitatu! Mie niliandika ripoti nzima kwa kibatari, na hiyo ripoti ilikuwa inahusu kompyuta.

Nilikuwa nasema nini? Eh, ekstensheni.

Nimeitafuta tangu saa tatu. Nimeuliza maktaba, nimeuliza walinzi, nimepiga goti chini ya meza za watu nikaona mambo ambayo si ya kuandika. Katikati ya kutafuta ujumbe umeingia, wa Dakta wangu wa saa: "Kijana usihangaike, jaribio la marudio nimelipanga mwenyewe. Kesho saa mbili." Nimeusoma mara nne. Nimeanza kuandika "saa mbili ipi", nikafuta. Yule mlinzi wa Nungwi zamu yake kesho ni ya mchana, na huyo ndiye ninayemhurumia.

Ekstensheni nimeiona. Imepita chini ya mlango wa karani wa idara, imepanda nyuma ya kabati, imeishia kwenye friza dogo lililofunikwa kitambaa cha mezani kama mgeni wa heshima. Lile tundu moja linalofanya kazi ndilo lililochomekwa. Nikafunua kitambaa, uso nimeukunja, maneno nimeyapanga kabisa.

"Karibu, kaka," karani akasema. "Za ubuyu zimebaki tatu, za embe zimejaa."

"Za ubuyu bei gani?"