Derna haikuuawa na mvua peke yake

Ati mafuriko ya Derna kule Libya yalikuwa kudra ya Mungu na hakuna binadamu wa kulaumiwa? Dai hilo silikubali hata kidogo. Mvua ya kimbunga Daniel ilikuwa kubwa mno, sawa, mji wa Al-Bayda, magharibi mwa Derna, ulipata zaidi ya milimita 400 kwa siku moja. Lakini kilichobeba mitaa mizima ya Derna hadi baharini, watu wakiwa wamelala, ni mabwawa mawili yaliyopasuka usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023. Yalijengwa miaka ya 1970, nyufa zikaonekana tangu 1998, ukarabati ukasimama vita vya 2011 vilipozuka, na mwaka 2022 mtaalamu wa maji Abdelwanees Ashoor akaonya kwa maandishi kabisa. Serikali mbili zikigombania nchi, nani angeshughulikia kuta za bwawa? Mahakama yenyewe iliwafunga maafisa 12 Julai 2024, basi kudra gani hiyo yenye hatia? Mimi ni wa Kisauni, na hapa Mombasa, ambako hakuna vita, nimeona maji yakiingia majumbani kwa sababu tu mtaro umezibwa na taka, kisha wahusika wanalaumu mbingu. Kinachoniuma ni kwamba waliofungwa ni watu wa idara za maji na mabwawa. Wenye bunduki waliotawala Derna miaka yote hiyo, ndugu wasomaji, mnadhani nao watawahi kuulizwa?