Mbona Inawaka?

Mtu mwenye gari bovu kabisa ana bahati yake. Inamzimikia barabarani, watu wanaisukuma pembeni, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipima kwa kilo, ndugu wanampa pole, na kabla mwaka haujaisha unamwona anapita na Toyota IST. Mimi bahati hiyo sina. Nina Toyota Carina Ti, namba A, ya usajili wa zamani, na ina tatizo moja kubwa lisilo na fundi: inawaka.

Nikimwambia mama Zawadi kwamba gari imechoka, tuanze kujipanga kwa nyingine, hasemi neno. Anachukua ufunguo, anatoka na kanga yake, anapiga stata mara moja. Hiyo! Anazima, anarudi ndani. "Baba Zawadi, mbona inawaka?" Kesi imekwisha, na rufaa hakuna.

Jamani, kuwaka! Hata jiko la mchina linawaka, lakini hakuna anayelipanda kwenda kazini. Swali ni nini kinafuata baada ya kuwaka, na hapo ndipo hakuna mtu nyumbani kwangu anayetaka kusikiliza. Kwa hiyo nisikilizeni nyinyi.

Injini yenyewe ni 5A-FE. Sentimita za ujazo 1498, silinda nne, valvu 16, na juu kamshafti mbili, zile fimbo zinazofungua valvu. Kwenye makaratasi, nguvu za farasi 100. Sikatai kwamba farasi mia walipanda meli kule Japani. Ila mimi nikipandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara na kiyoyozi nimewasha, nikiwahesabu hawafiki wanane. Wengine nadhani walishukia bandarini. Bajaji inanipita, dereva wake ananitazama kwa huruma, na abiria wake anageuka nyuma kabisa kuhakikisha alichokiona.

Halafu kuna suala la sailensa, yaani injini kunguruma taratibu gari ikiwa imesimama. Injini hii ikishapata moto inatakiwa itulie kwenye mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Ya kwangu ikifika kwenye taa nyekundu inashuka mpaka karibu izimike, inastuka, inapanda, inashuka tena. Kioo cha kati kinatetemeka mpaka magari ya nyuma yangu nayaona mawili mawili. Siku moja nilimpa lifti mzee wa mtaani, tukasimama taa za Buguruni, akanishika mkono kwa upole: "Mwanangu, una homa?" Mzee wangu, mimi mzima. Ni siti.

Nikaenda gereji. Sasa mafundi wetu nawapenda, lakini wote wamesoma chuo kimoja na somo la kwanza lilikuwa plagi. Gari haina nguvu: "Bosi, plagi hizo." Inakula mafuta: plagi. Naamini ningemwambia mtoto wangu kafeli hesabu, angeniuliza plagi nimebadilisha lini. Nikanunua plagi nne mpya. Zikafungwa. Wiki ileile gari ikaanza kumisi, tatu zinachoma, moja inasikiliza.

Akatokea kijana mmoja pale gereji, mdogo, hata ovaroli lilikuwa la kuazima, akachomoa waya wa plagi ya tatu na kuuning'iniza mbele ya macho yangu. Unachuruzika oili. Akamulika na simu ndani ya shimo: plagi mpya kabisa, imelala kwenye kidimbwi cheusi. Ndiyo akanieleza. Injini hizi plagi zake zinakaa chini ndani ya mashimo, katikati ya zile kamshafti mbili, na kila shimo lina mpira wake chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Mpira ukikauka kwa uzee, oili inajaa shimoni, moto wa umeme badala ya kwenda kwenye plagi unatafuta njia ya mkato na kupotelea kwenye chuma. Dawa ni mipira minne na gasketi ya tapeti kava, basi. Bei yake ilikuwa chini ya zile plagi nilizouziwa. Na mtetemo wa sailensa? Kivalvu cha hewa kilikuwa kimejaa masizi. Kijana akakifungua, akakiosha kwa dawa ya kusafishia, akakirudisha. Fundi mkuu alikuwa pembeni anatikisa kichwa, anasema hata hivyo plagi mpya si hasara.

Tusisahau moshi. Asubuhi nikiwasha, kinatoka kiwingu cha bluu kinachovuka ukuta na kwenda kwa jirani. Jirani ni muungwana, hagombi. Ananisalimia vizuri, kisha anasema, "Yaani tangu umehamia hapa, mbu wamepungua sana." Nami natabasamu, nitafanyaje? Moshi wenyewe ukidumu dakika moja ukaisha, hizo ni sili za valvu, vile vimpira vya kuzuia oili. Zimekuwa ngumu, usiku oili inapenya kidogo kidogo kufuata shina la valvu, asubuhi inaungua. Moshi unaokufuata njia nzima kila ukikanyaga mafuta, hizo ndizo ringi za pistoni. Ukiwa mweusi, petroli imezidi. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia kwenye silinda, na hapo kaa chini kwanza ndipo uulize bei.

Mimi najua hayo yote, lakini Dar es Salaam moshi wa gari yako ni mali ya umma. Nikipita kituo cha daladala, konda anapiga bodi: "Mzee, ringi hizo! Fanya ovahoo!" Nami nimeshajikuta nimetoa kichwa dirishani, mtu mzima na tai yangu, napaza sauti: "Si ringi, ni sili za valvu!" Kituo kizima kinacheka. Watu hawajali maelezo.

Ovahoo, yaani kuifumua injini yote na kuifunga upya, ilinukia mara moja, ila iliishia kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Muuza spea aliniletea ringi za injini ya 4A, anaapa ni zilezile: "Bosi, zote si A?" A ndiyo, ni ndugu wa ukoo mmoja, na pistoni ya 4A na ya 5A zote zinatembea milimita 77. Lakini silinda ya 5A kipenyo chake ni milimita 78.7, ya 4A ni 81, ndiyo maana ile inafika sentimita za ujazo 1587. Nikamwambia hizo haziingii. Akanitazama, akasema: "Fundi wako akizikata kidogo zitaingia." Nilitoka dukani kinyumenyume.

Joto nalo. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliing'oa thamostati. Nilipomuuliza fundi wangu kama turudishe, akacheka. "Kitu cha nchi za baridi hicho, bosi. Huku joto la bure lipo." Maneno matamu, ndiyo maana yameenea gereji zote. Ila thamostati haipo pale kwa ajili ya theluji. Inafunga maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi, injini ipate moto haraka na ibaki nao. Ukiing'oa, ukiwa barabara kuu na upepo wa kutosha, injini inabaki baridi, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli. Kwa hiyo njia ya Bagamoyo mshale wangu umelala chini kabisa, mafuta yanakwenda. Kisha naingia foleni ya Mwenge, upepo hakuna, rejeta imeziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima tuliyokuwa tunamiminia miaka yote, na mshale unaanza kupanda. Nalazimika kuwasha hita. Saa nane mchana, mwezi wa pili, vioo chini, hita inapuliza magotini ili kupunguza joto la injini. Gari ya pembeni mtoto anamwambia mama yake: "Mama, yule baba analia." Silii, mwanangu. Ni jasho.

Na mafuta haya yanayokwisha, eti taa ya injini haijawahi kunionya. Nilikuwa najisifu nayo. Yule kijana wa ovaroli la kuazima akaniambia nifungue ufunguo bila kuwasha. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikawaka, ya injini kimya. "Bosi, hii lazima iwake kwanza ndipo izime. Humu hakuna balbu." Mtu aliichomoa! Kijana akaweka balbu, akafungua kiboksi kidogo chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, na taa ikaanza kukonyeza: mbili, ikapumzika, moja. Ishirini na moja, yaani namba ya kosa la sensa ya oksijeni. Sensa hiyo ikifa, kontroli boksi haijui tena moshi una hewa kiasi gani, inakisia tu, na ukisiaji wake wote unalipwa na mfuko wangu. Nilipotajiwa bei ya sensa, nikamwelewa kabisa aliyeitoa balbu.

Tumaini langu la kuachana na gari hii lilikuwa moja tu: mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na mita yangu iligota zamani, haijulikani wangu umekula ngapi. Nilikuwa nimesikia kwamba mkanda ukikatika, pistoni zinapanda zinakutana na valvu zikiwa wazi, zinapindana, na injini imekwenda. Msiba wa heshima. Hakuna mke atakayesema inawaka.

Na ukakatika kweli, Barabara ya Mandela, jioni. Injini ikanyamaza ghafla, stata ikawa inazungusha kwa wepesi wa ajabu. Nikavutwa kwa kamba mpaka gereji, njia nzima nachagua rangi ya IST. Hiyo injini yake ina cheni, mambo ya mkanda hakuna. Nilishafika kwenye rangi ya fedha. Nikampigia mama Zawadi kwa sauti ya kilio: "Mke wangu, injini imekufa."

Fundi akafungua kava, akautoa mkanda umekatika vipande viwili, akacheka meno yote nje. "Bosi, una zali! Hizi 5A mkanda ukikatika, valvu haziifikii pistoni. Kuna nafasi. Navisha mpya, napanga alama zake, unaondoka nayo."

Hivi wale wahandisi walikaa wakapima, wakaacha nafasi makusudi, kwa kosa gani nililowafanyia?

Saa mbili usiku nilikuwa nyumbani. Mama Zawadi alikwishatoka mpaka getini na ufunguo wa akiba mkononi. Akapiga stata.

Sasa kwa furaha ya gari kupona, ameamua Krismasi tunakwenda nayo kwao Iringa, mlima Kitonga wote, sisi watano na kuku wawili. Shemeji amepiga simu kuuliza kama kwenye kurudi buti litabeba magunia mawili ya viazi. Mama Zawadi amemjibu matatu.