Sanamu za Kirumi: kopi tu, au kazi zinazojitegemea?

Watu wengi wakiambiwa ile sanamu maarufu ya mrusha kisahani ni kopi ya Kirumi, hamu inawaisha hapohapo, kama vile wameuziwa simu feki. Sababu yao naielewa. Myron, Mgiriki, aliitengeneza kwa shaba nyeusi katikati ya karne ya 5 KK, na shaba watu huiyeyusha wakatumia kwa mengine, kwa hiyo ya kwake ilishapotea na tulichonacho ni marumaru za baadaye tu. Na marumaru ina masharti yake jamani, ni nzito halafu inavunjika kwenye vifundo vya miguu, ndo maana unaona kisiki cha mti kimebanwa pembeni ya mguu, wakati ya shaba, yenye uwazi ndani, inasimama bila kuegemea kitu.

Halafu kuna ile kopi ya mrusha kisahani iliyopo British Museum, London, iliyopatikana Tivoli, Italia, 1791, kichwa walikirudishia vibaya kinatazama chini, wakati ya Roma iliyofukuliwa 1781 inageuka kutazama kisahani, na Lucian, mwandishi wa kale aliyeielezea sanamu hiyo, anasema hivyohivyo.

Ila anayesema wachongaji walikuwa wanabahatisha tu naye anakosea. Mwaka 1954 kule Baiae, Italia, vilipatikana vipande vya plasta vilivyotolewa kwenye moldi za sanamu za Kigiriki, kimojawapo uso wa Aristogeiton, shujaa wa Athens. Kwa hiyo fundi alikuwa na umbo la kulipima, na kwa hilo mi nawaamini kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba tunamtafuta Mgiriki ndani ya jiwe mpaka aliyelichonga hatumwoni. Chukua Diadoumenos, yule kijana anayejifunga utepe wa ushindi kichwani, kazi ya Polykleitos, mchongaji wa Kigiriki. Kopi yake iliyopo Athens ilichongwa mnamo mwaka 100 KK na ilipatikana kisiwani Delos, Ugirikini kwenyewe, yaani hata hilo jina la "kopi za Kirumi" halienei zote. Na fundi wa Delos kwenye kisiki kaweka joho na podo la mishale, vitu vinavyomfanya huyo mwanariadha aonekane kama Apollo, mungu wa Wagiriki mwenye upinde! Huo ni uamuzi wa mtu anayefikiri, na mi naona kibao cha makumbusho kianze na yeye, mchongaji asiyejulikana wa Delos, ndipo Polykleitos afuate.