Gesi Iliyovaa Koti Jeupe

Kaptoprili, dawa ya presha iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ina kimkia cha salfa na hidrojeni kinachong'ang'ania atomu ya zinki ndani ya kimeng'enya, yaani protini inayochochea kemia ya mwili. Bosi wetu, kwenye maabara yetu ya kubuni dawa, alikipenda kimkia hicho kupita kiasi. "Kimeng'enya chetu nacho kina zinki," akasema, "tukipachike kwenye molekuli yetu." Kwenye kompyuta kilikaa vizuri ajabu. Kompyuta, bahati yake, haina pua.

Salfa tuliitoa kwenye asidi ya thioasetiki. Kwa usiyeijua, ni ukoo mmoja na kile kinachotiwa kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja watu washtuke. Kile cha kwenye gesi pua hukinasa hata kikiwa sehemu moja tu katika bilioni ya hewa. Nilikuwa kwenye kabati la kufyonza hewa, kioo nimekishusha, glavu juu ya glavu, mambo yanakwenda. Ghafla feni ya kabati ikakata pumzi.

Mimi sikunusa kitu. Pua ikishinda na uvundo huo huchoka, ikaacha kazi. Nilishangaa tu kengele inalia, ghorofa nzima inakimbilia ngazi, na mhasibu kajiziba pua kwa tai yake. Kumbe mtu keshapiga simu: gesi inavuja!

Zimamoto wakafika. Mmoja wao alipita kila kona na kipimo chake. Sifuri. Akakitikisa, akakipigapiga kiganjani. Sifuri tena. Aliponifikia, akanusa bega langu, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Mkuu," akaita, "gesi tumeipata. Imevaa koti jeupe."

Vyombo nilivizamisha kwenye maji ya klorini, maana klorini ndiyo kiboko ya uvundo huo. Koti halikuokoka, na lifti ikawa yangu peke yangu kwa muda. Mwenzangu alinifariji, kwa mbali, kwamba mwaka 1889 kule Freiburg, Ujerumani, thioasetoni, kemikali nyingine ya salfa yenye uvundo, ilitapisha watu na kuzua taharuki mjini. Faraja gani hiyo?

Hatimaye molekuli yenyewe ikapelekwa kupimwa. Majibu yakaja: zinki haikuguswa. Oksijeni ya hewani ilikuwa imeziunganisha molekuli zetu mbili mbili, mkia kwa mkia, hakuna mkia uliobaki wa kushika chochote.

"Ila hongera," akaongeza mpimaji, "sampuli yako hainuki kabisa."